Barua za mapendekezo za udaktari Marekani: nimwombe nesi niliyefanya naye kazi au daktari bingwa anayejulikana? Niko Kigoma

BintiWaBangwe
Wakuu habari za jioni, wana Kigoma. Uzi utakuwa mrefu kidogo naomba mnivumilie, nimeshindwa kulala siku ya tatu leo kwa ajili ya hili jambo.

Mimi nilipata ufadhili nikasoma digrii ya baiolojia Marekani, chuo kidogo tu jimbo la Minnesota. Kwa wasiojua, kule udaktari hautoki form six moja kwa moja kama huku kwetu, unamaliza kwanza digrii miaka minne, unafanya mtihani unaitwa MCAT, alaf ndo unaomba shule ya udaktari miaka mingine minne. Maombi mengi yanapita kwenye mfumo mmoja unaitwa AMCAS, na ndani yake lazima uweke barua za watu wanaokujua. Hizo barua ndo zinanitesa.

Nilishaomba mara moja nikiwa mwaka wa mwisho. Sikuitwa intaviu hata moja. Barua mojawapo iliandikwa na daktari bingwa mmoja mkubwa, rafiki wa baba mdogo, tulionana mara mbili tu, mara ya kwanza kwenye harusi. Barua yake sikuisoma maana nilisaini kwamba sitaziona. Baadae mshauri wa chuo aliyekuwa anazikusanya akaniambia kwa upole, ile barua usiitumie tena. Hakuniambia kuna nini ndani ila nilielewa, yan nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake nikalia.

Mama akaugua nikarudi nyumbani. Tangu mwezi wa saba mwaka jana najitolea kwenye kituo cha afya kimoja huku pembeni ya ziwa, wodi ya wazazi na kliniki ya mama na mtoto. Nafagia, nabeba maji, nasaidia kupima uzito watoto, sista ananisomea mi nanakili kwenye vitabu vya MTUHA, yan zile rejista za kumbukumbu za kituo. Mwezi wa tano maombi yanafunguliwa tena na safari hii nataka nichague vizuri. Watu nilionao ni hawa:

Profesa wa kemia ya oganiki, somo lake nilipata A lakini darasa lilikuwa na watu zaidi ya mia na sidhani kama ananijua sura. Profesa wa fiziolojia, huyu mtihani wake wa kwanza nilifeli kabisa, nikawa nakwenda ofisini kwake kila Jumanne muhula mzima, nikamaliza na B, nikachukua somo lake la pili nikapata A, mwisho akanipa kazi ya kusaidia wanafunzi maabara. Profesa wa historia, nilimwandikia insha ndefu ya Reli ya Kati jinsi ilivyofika Kigoma 1914 na watu wa Ujiji walivyobadilika baada ya pale, aliipenda mpaka akaisoma darasani. Alaf kuna sista inchaji wa wodi hapa kituoni. Na yule daktari bingwa, familia inasema nirudi kwake nimwombe aandike vizuri zaidi, na baba mdogo anasema pia anaweza kuongea na mbunge.

Sista inchaji ana diploma. Hana cheo kikubwa. Ila ndo mtu pekee aliyeniona usiku mama mmoja alipoletwa na boti ya injini kutoka kijiji cha juu huko, umeme umekatika, sola ya wodi imechoka, nikawa nimeshika tochi ya simu kwa mkono mmoja na mkono mwingine yule mama ameung'ang'ania, kucha zake ziliniachia alama wiki nzima. Sikufanya lolote la kitabibu. Nilisimama tu tochi isitikisike, kama saa moja na nusu. Mtoto alipolia sista alinigeukia akasema "sasa unaweza kukaa". Nilikuwa nimesahau kama nina miguu.

Je barua ya mtu kama huyu inahesabika kule? Au nitakuwa nimejiharibia mara ya pili?

MzeeWaGungu
Binti pole na hongera. Mimi nakushauri kama mzazi. Nchi hii na dunia hii kwa ujumla barua inasomwa kuanzia chini, pale kwenye sahihi na muhuri. Mwaka 1998 mwanangu wa kwanza alipata kazi kwa barua ya mtu mmoja mzito, mistari minne tu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Nesi ni mtu wa maana sana na namheshimu, lakini atajulikana na nani huko ng'ambo? Nenda kwa daktari bingwa, kaa nae vizuri, mpelekee hata migebuka ya kukausha, mweleze safari hii aandike kwa kirefu. Na barua ya mbunge ichukue, haiozi.

DokiWaMiembeni
Mzee wangu Gungu shikamoo, naomba nipingane na wewe kwa heshima zote.

Mi ni daktari (MD) niko Tabora, nimeomba MMed, ile digrii ya ubingwa, mara mbili ko haya mambo ya wadhamini nayajua kwa uchungu. Mara ya kwanza nilikwenda kwa bosi wangu wa wakati huo, akanijibu lile jibu ambalo kila mtu humu analijua: "andika mwenyewe niletee nisaini". Nikaandika. Nikajisifu kweli kweli, mchapakazi, mwadilifu, anashirikiana vizuri na wenzake, anafanya kazi chini ya shinikizo. Akasaini bila kusoma akapiga muhuri. Sasa wenzangu wawili nao walikuwa wanaomba chuo hichohicho mwaka uleule, na wao waliambiwa vilevile, na mmoja wao alichukua ya kwangu kwenye kompyuta ya ofisi akabadilisha jina. Tulikuja kugundua wakati tunasubiri majibu. Barua tatu za bosi mmoja zinafanana mpaka nukta. Sijui kama ndo ilitukosesha, ila wote watatu tulikosa na mimi ile aibu ninayo mpaka leo, kila nikiona kile kipande "anafanya kazi chini ya shinikizo" nasikia joto usoni.

Mara ya pili nilikwenda kwa daktari wa upasuaji niliyekaa nae rotesheni wiki nane tu wakati wa intaneshipu. Nikahofia labda kanisahau. Akaniambia nakukumbuka, wewe ndo ulirudi saa tisa usiku kumwangalia yule mgonjwa wa utumbo wakati zamu yako imeisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau! Akaiandika hiyo. Nikapata nafasi.

Ko dada, usiulize nani mkubwa. Uliza nani akifumba macho anakuona ukiwa unafanya kitu.

Na kingine muhimu kabla sijasahau. Sista asije akaandika kwamba ulizalisha au ulishona au ulichoma sindano. Huku kwetu mtu anaweza kuandika hivyo kwa nia njema kabisa akidhani anakupandisha. Kule AAMC, chombo cha shule za udaktari, wana mwongozo kabisa kuhusu wanafunzi wanaojitolea nchi zingine, kwamba usiguse yale ambayo hujasomea. Wakisoma umezalisha na wewe sio mkunga wanaona hatari. Tochi ni nzuri. Mwambie aandike tochi.

BintiWaBangwe
Dokta asante sana, hiyo ya mwisho sikuwa nimeifikiria kabisa. Mi sijawahi kugusa sindano pale, sista mwenyewe haruhusu. Mzee Gungu shikamoo, nakuelewa na ndo maneno ya mama pia, ndo maana nimekwama.

Nyarugusu_Mpaka_Ohio
Dada habari, nimekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, primari na sekondari yote pale Kasulu kwa hiyo sisi ni majirani. Familia ilihamishiwa huku Ohio, sasa hivi niko mwaka wa pili shule ya udaktari. Nimepita njia hiyohiyo nakwambia ninachokijua.

Kwanza kila shule ina masharti yake, usiende kwa kubahatisha, fungua ukurasa wa kila shule usome. Ila mtindo unaoukuta sehemu nyingi ni barua mbili za maprofesa wa sayansi waliokufundisha darasani, na moja ya profesa ambaye sio wa sayansi. Sayansi hapo ni baiolojia, kemia, fizikia na hesabu. Hizo ni nguzo, huwezi kuziruka hata kama sista wako kaandika barua ya dhahabu. Juu ya hizo ndo unaongeza mtu wa hospitali, mtu wa utafiti, mtu wa kazi. AMCAS inapokea mpaka barua kumi lakini usijaze kumi, wasomaji wamechoka, na barua dhaifu inazipunguza nguvu zile nzuri. Mi niliweka tano.

Vyuo vingine vina kamati inayoandika barua moja kwa niaba ya chuo, kama chako kina kamati shule zitataka kujua kwa nini hukuitumia. Uliza.

Sasa kwenye majina yako. Fiziolojia chukua bila kufikiria mara mbili. Mtu aliyekuona ukifeli alaf akakuona ukirudi kila Jumanne ana hadithi, yule wa A ya oganiki ana namba tu na hiyo namba tayari iko kwenye transkripti. Historia chukua, huyo ndo wako wa nje ya sayansi na ana insha mkononi. Bado unahitaji mwanasayansi wa pili. Hapo fikiria, hakuna aliyekufundisha darasa dogo? Maabara? Fizikia? Kama hakuna kabisa basi rudi kwa wa oganiki lakini mwombe mkutane kwa video, mpe kitu cha kushika.

Sista: NDIO. Herufi kubwa. Huku wanajua madaktari wanaoandikia watoto wa marafiki zao, wamezisoma nyingi mno. Hata daktari uliyemfuata nyuma siku mbili tatu ukimwangalia tu, barua yake hawaipi uzito sana kwa sababu ataandika nini? Kwamba ulisimama kimya na koti jeupe? Mtu aliyekusimamia miezi nane kila wiki ni kitu kingine. Ya mbunge iache kabisa, haimuonyeshi mtu ila inaonyesha familia inajuana na nani.

Jambo lingine, usiitumie ile njia ya kutaka kuziona barua. Kuna sheria yao ya 1974 inaitwa FERPA inampa mwanafunzi haki ya kuona rekodi zake, na kwenye fomu wanakuuliza kama unaachia hiyo haki. Achia. Ulifanya vizuri mara ya kwanza. Ukikataa wanadhani mwandishi aliogopa kusema ukweli.

Na barua za mwaka ule hazihami zenyewe kwenda kwenye maombi mapya, ni lazima zitumwe upya, ko ile ya daktari bingwa imeshakufa yenyewe huna haja ya kuogopa.

Swali moja samahani, uraia? Mimi nilikuja na hati ya ukaazi ndo maana nilikuwa na shule nyingi za kuchagua. Wewe kama ni mwanafunzi wa nje shule nyingi hazipokei kabisa, zile chache zinazopokea kama Harvard, Yale, Johns Hopkins, Duke ndo zenye ushindani mkali, na nyingi zinataka uwe umesoma angalau mwaka mmoja chuo cha Marekani au Kanada, hapo wewe uko sawa. Angalia hilo kabla hujalipa ada za maombi.

BintiWaBangwe
Kaka Mungu akubariki. Ni raia wa Tanzania ndio, mara ya kwanza nilipoteza hela kwenye shule ambazo hazikuwa zinachukua watu wa nje kabisa, nilijua baadae. Safari hii nimezichuja. Chuo hakina kamati. Mwanasayansi wa pili umenikumbusha, kulikuwa na mama mmoja alitufundisha fizikia tukiwa watu kumi na nane, nilikuwa naogopa fizikia akanikalisha mbele. Sikumfikiria kwa sababu alikuwa ni mwalimu wa mkataba tu sio profesa kamili.

Nyarugusu_Mpaka_Ohio
Kama alikuwa ndo mwalimu wa darasa na ndo aliyekupa maksi, mwandikie leo.

MwalimuTBR
Nimesoma uzi wote, nami niongezee nikiwa upande wa pili wa meza. Nafundisha baiolojia PCB na CBG hapa Tabora mwaka wa kumi na sita, na wanafunzi wangu wanaoomba ufadhili nje wananijia kila mwaka. Hawaombi udaktari moja kwa moja kama wewe, lakini barua ni barua.

Tatizo letu Watanzania ni kwamba barua tunayoijua ni ile ya mtendaji. Unakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, unapewa karatasi kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa huu, ana tabia njema, hajawahi kushtakiwa, tafadhali mpeni msaada. Hiyo ndo barua kichwani mwetu. Ko mtu mzima mwenye nia njema akiambiwa aandike ya chuo anaandika hiyohiyo kwa Kiingereza. Nina uhakika daktari bingwa wako hakukuchukia hata kidogo, alikuandikia ya mtendaji.

Mimi mwenyewe niliziandika hizo miaka sita ya mwanzo, nasema kwa majuto kwa sababu kuna watoto walikuwa na akili kuliko mimi na niliwatuma na mistari mitano. Siku moja binti mmoja akarudi, akaniuliza, mwalimu kwenye barua yangu ulisema nini? Nikamwambia nilisema wewe ni mwerevu na una nidhamu. Akanyamaza kidogo akasema, mwalimu, na wa jana? Maana nilimwandikia mwenzake pia jana yake. Sikuwa na jibu.

Toka hapo nina daftari. Kila mwanafunzi ana nusu ukurasa, na naandika siku jambo likitokea, sio siku ya kuombwa barua. Tarehe 14 aliuliza kwa nini chura aliyepasuliwa moyo bado unadunda, aliuliza mpaka kengele ikalia. Vitu kama hivyo. Lakini maprofesa wako hawana daftari la kwako, ko wewe ndo uwabebee. Nikiombwa barua nataka nipewe angalau mwezi mmoja na nusu au miwili, nataka sivii, nataka ile insha yake ya binafsi hata kama ni rasimu, na nataka karatasi moja ya kunikumbusha, mwalimu unakumbuka siku ile kwenye maabara hivi na hivi. Hapo tofauti na ile ya "andika mwenyewe nisaini" ni kubwa, unampa kumbukumbu maneno anatafuta yeye. Sista akikwambia kaandike mwenyewe, mpe hiyo karatasi umwambie kwa adabu, mama mi sijui ulichokiona, nisaidie kusema ulichokiona wewe.

Na namna ya kuomba. Usiseme "naomba uniandikie barua". Mswahili hawezi kukukatalia usoni, atasema sawa alaf ataandika chochote. Muulize, unadhani unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua nzuri? Ukiona anasita, anaanza ooh nina kazi nyingi kipindi hiki, mshukuru uondoke. Mimi nimeshawaambia wanafunzi watatu mwaka jana, nenda kwa mwalimu wa kemia yeye anakujua zaidi yangu. Hawakupenda siku hiyo.

CO_Kasulu
Samahani kuingilia uzi wa dada, mi ni clinical officer nataka kwenda MD hapahapa nchini, na mimi natakiwa kutafuta hizi barua??

DokiWaMiembeni
Hapana kaka, MD ya hapa wanaangalia vyeti. Kwa nyie wa diploma ni GPA kuanzia 3.0 pamoja na masomo ya sayansi form four, angalia kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka husika. Kama umeajiriwa serikalini pambana na ruhusa ya mwajiri ya kwenda masomoni, anza mapema. Barua utakutana nazo ukifika MMed.

CO_Kasulu
Asante Doki.

MkungaKibondo
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nilikuwa nasoma tu kimya kimya.

Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa ishirini na mbili kazini. Wamepita mikononi mwangu wanafunzi wa udaktari, wa uuguzi, wazungu wa kujitolea, intaneshipu, wote. Wengine nimewafundisha hata kuvaa glovu. Nimewaona wakizimia, nimewaona wakilia stoo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba barua. Wanamaliza wanakwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, ambae wamemsalimia mara tatu, anasaini, wanaondoka. Sijawahi kulalamika kwa sababu sikujua kama ni kitu ninachoweza kuombwa.

Binti, mwombe. Ila usimwombe kwenye zamu, wala siku za kliniki, tafuta siku ametulia. Na mpitie mganga mfawidhi kwanza kwa ruhusa, maana barua itakuwa na karatasi yenye nembo ya kituo na sista asije akapata matatizo kwa ajili yako. Kiingereza chake kikiwa cha kawaida usikisahihishe. Sisi tumesoma kwa Kiingereza na ripoti tunaandika kwa Kiingereza, kinatosha kusema kweli.

BintiWaBangwe
Mama shikamoo. Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Jumamosi nakwenda.

MzeeWaGungu
Mkunga, na mimi nimekusoma. Mke wangu alijifungulia mikononi mwa watu kama wewe mara tano. Binti kamwombe sista. Ya mbunge nimeiondoa, ila kwa baba yako mdogo nenda mwenyewe ukamwambie mapema asije akasikia kwa watu, mzee akipitwa inamuuma.

BintiWaBangwe
Wakuu nimerudi na mrejesho.

Baba mdogo kwanza. Nilikwenda Ijumaa jioni nikamweleza kila kitu, mpaka kwamba ile barua ya kwanza haikunisaidia. Alinyamaza sana. Akasema yule rafiki yangu alifanya kwa ajili yangu sio kwa ajili yako, hakukujua. Akaniuliza huyo nesi anaitwa nani, nikamtajia, akasema huyo namfahamu, ndo alimpokea mtoto wa shemeji yako. Basi akakubali.

Sista. Nilimkuta nyumbani kwake Jumamosi saa kumi, anachambua dagaa uani. Nilikuwa nimeshaongea na mfawidhi. Nikakaa kwenye kigoda nikawa namsaidia kuchambua, nikamuuliza kama mwalimu alivyosema, mama unadhani unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua nzuri. Hakujibu haraka. Alimaliza lile fungu lililokuwa mbele yake. Akasema, nakufahamu, lakini mimi nikiandika naandika yote, nitaandika na ile ya kitabu.

Ya kitabu ni hii. Mwezi wa kumi nikiwa nanakili MTUHA nilirusha mstari, mtoto mmoja akaonekana amepata chanjo ya Penta ya pili, ile ya wiki ya kumi, kumbe ni ya mwenzake na yeye hakuwepo siku ile kabisa. Hakuna aliyegundua. Niligundua mwenyewe usiku nikiwa nyumbani, nilikuwa naipitia ile siku kichwani nikaona majina mawili yanafanana. Asubuhi nilifika kabla ya sista nikamsubiri mlangoni nikamwambia. Alikasirika, sitaficha. Tukakirekebisha yeye akasaini pembeni, alaf tukatembea na mhudumu wa afya wa jamii mpaka kwa yule mama, kama saa nzima kwa miguu, akaja kliniki iliyofuata mtoto akachanjwa.

Sasa naogopa. Kosa langu mwenyewe kuwekwa kwenye barua? Nimwombe aiache?

Nyarugusu_Mpaka_Ohio
Usimwombe aiache!! Dada, kwenye intaviu karibu zote nilizofanya nimeulizwa lile swali, tuambie siku ulipokosea ukafanya nini. Watu wanatunga. Wewe una shahidi, tena msimamizi wako, anaandika kwamba ulikuja mlangoni kwake kabla hajajua. Hiyo barua mi ningeipenda kuliko zote tano zangu.

DokiWaMiembeni
Naunga mkono. Daktari anayeficha kosa anaua mtu. Huyo sista ameelewa kinachotafutwa kuliko sisi wote humu.

MwalimuTBR
Mwache aandike.

BintiWaBangwe
Sawa. Nimemwacha.

Fomu zilipofunguliwa mwezi wa tano niliingiza majina, kila barua ikapewa namba yake ya kuambatanisha, nikawatumia waandishi wote. Niliweka nne tu. Wa fizikia alinijibu siku hiyohiyo, anasema ananikumbuka nilikuwa nakaa mbele na madaftari mawili, moja la Kiswahili, na mi sikujua kama aliliona. Wa historia ameshatuma. Wa fiziolojia alitaka tuongee kwanza kwa video, saa zao saa nne asubuhi, huku saa kumi na mbili jioni, nikaenda kukaa kwa rafiki yangu mtaa wa Mwanga, kule mtandao ni mzuri, tuliongea dakika arobaini na nusu yake alikuwa ananiuliza habari za mama.

Ya sista aliandika kwa mkono kwanza kwenye karatasi za kaunta, kurasa mbili, akaichapa karani wa kituo, akasaini. Mi sikuisoma. Kutuma ndo ilikuwa kazi, kituoni mtandao unapatikana sehemu moja tu chini ya mwembe karibu na tanki la maji. Tulikwenda baada ya zamu, yeye na simu yake mi nimekaa mbali kule kwenye ngazi nimegeuka ili nisione. Alikuwa anaita, "inazunguka", kimya, "bado inazunguka", kimya. Mara ya tatu akasema imekwenda, akafunga simu kwenye kitenge akaniambia niingie ndani nikabadilishe maji ya ndoo, kuna mama amefika na uchungu.

Leo asubuhi nimefungua akaunti, zote nne zimeandikwa zimepokelewa.

MkungaKibondo
Mama yako anaendeleaje?

BintiWaBangwe
Anatembea mwenyewe mpaka barazani sasa mama, asante kwa kuuliza.